Keki Iliyotakiwa Kulala Siku Saba

Bibi niliyekuwa nikimtunza kule Plano, karibu na Dallas, alikuwa na miaka themanini na minane, na shida yake kubwa duniani ilikuwa kaburi. Kifo hakikumsumbua, alikizungumzia kama mtu anayezungumzia kwenda benki. Alichokitaka ni kaburi lenyewe, kipande cha ardhi chenye upana wa mlango, kando ya kaburi la mama yake, katika kijiji kimoja huko juu kabisa Dakota ya Kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada. Katika eneo la familia yao kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu. Nacho kilikuwa kinatakiwa na watu wawili: yeye, na mdogo wake wa kiume mwenye miaka themanini na minne.

Niliposikia habari hiyo mara ya kwanza nilicheka, Mungu anisamehe. Mimi natoka Muheza. Kwetu nimeona watu wakigombania shamba la michungwa, wakigombania nyumba ya marehemu, wakigombania hata cherehani. Wazee wawili kugombania kaburi, tena wote wazima na kila mmoja anakula vizuri, hilo nilikuja kuliona Texas.

Nimwite Bibi, maana ndivyo nilivyomwita. Hilo nalo lilikuwa na kesi yake. Siku ya kwanza kazini aliniambia nimwite kwa jina lake, jina tupu, bila kitu mbele. Babu zake walihamia kutoka Aislandi, kile kisiwa cha barafu, wakaanzisha kijiji chao kwenye nyika ya Dakota, na huko kwao kila mtu huitwa kwa jina lake: mchungaji, mwalimu, bibi kizee, wote. Nikajaribu. Nilifungua mdomo, jina likafika kwenye meno, likagoma. Mtu mwenye umri wa kumzaa mama yangu nimwite kama namwita mwenzangu wa darasa la tatu? Nikamwambia haiwezekani, hata kama unanifukuza nifukuze. Akanitazama sana. Mwisho tukakubaliana nimwite Bibi, na kila asubuhi nikifika nimwamkie shikamoo, naye aitikie marahaba. Aliipenda marahaba yake. Ikafika mahali nikichelewa foleni ya barabarani, naingia mlangoni natupa mkoba, yeye ameshaitikia kabla sijamwamkia.

Tulizungumza Kiingereza, yeye chake cha nyikani, mimi changu cha Muheza. Hapa nampa Kiswahili kwa sababu kinamkaa vizuri.

Kijiji chake nilikifahamu kabla sijakiona. Alikuwa anakisimulia nikimchana nywele, nikimpaka losheni miguu, nikimtafutia miwani iliyo kichwani kwake. Watu walikuwa wamebaki thelathini na kitu, na kamati sita. Kwa hesabu yangu hakuna aliyekuwa salama: ukiponyoka kamati ya kanisa, unanaswa na kamati ya ukumbi, na ukiwa hodari sana unapewa kamati ya theluji. Kina mama wa kanisa ndio serikali. Kila nyumba ina kabati la vitabu na birika la kahawa ambalo halipoi. Na mgeni akiingia, haulizwi anafanya kazi gani wala anaendesha gari gani. Anaulizwa, "Wewe wa nani?" Ataje baba, ataje babu, ikibidi ataje na aliyeshuka melini. Nikamwambia Bibi, hicho kijiji mmetuibia.

Baridi yenyewe usiseme. Utotoni walikuwa wanalala kitanda kimoja, yeye, mdogo wake na mama yao, wamepishana vichwa na miguu ili wapate joto. Nikamwambia sisi tunaita kulala mzungu wa nne, na kwetu tulilala hivyo watoto wanne bila baridi yoyote, ni uhaba wa vitanda tu. Alicheka, akasema miguu ya mdogo wake ilikuwa ya baridi kama samaki, na kila usiku aliisukuma, na kila asubuhi aliikuta imerudi tumboni kwake.

Huyo mdogo wake sasa ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya makaburi. Na hakuwa anasema na dada yake vizuri tangu mama yao alipofariki, miaka zaidi ya thelathini nyuma. Mama alifariki mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza kule ardhi ni jiwe, jembe haliingii, kwa hiyo marehemu anahifadhiwa mpaka majira ya kuchipua, theluji iyeyuke, ndipo azikwe. Bibi wakati huo alikuwa ameshahamia Dallas. Aliahidi atakuja kwenye maziko, na miezi minne mizima ya kujiandaa alikuwa nayo. Hakwenda. Mdogo wake alisimama peke yake kaburini na kina mama wa kanisa. Tangu hapo kila Bibi alipoitaja ile nafasi kwenye simu, jibu lilikuwa moja: "Nafasi ile ni ya aliyekuwepo."

"Kwa nini hukwenda?" nilimuuliza siku moja.

"Nilikuwa na kazi," alisema, akageukia televisheni iliyokuwa imezimwa. Nikajua ni uongo, lakini mimi ni nani nimkamate mzee uongo.

Sasa mwezi wa kumi ule mtoto wake wa kiume, anayefanya kazi kwenye moja ya yale maofisi makubwa ya Plano, akamtumia mjomba wake tiketi ya ndege aje kumtembelea dada yake. Mzee akakubali. Bibi akakosa usingizi. Akaniambia hana maneno ya kumwambia ndugu yake, maneno yote yamechakaa kwenye simu. Atamwekea keki.

Keki yenyewe ndiyo keki ya kijiji chao. Ina matabaka saba membamba, na kati ya tabaka na tabaka jemu ya plamu kavu zilizopikwa na iliki. Juu haipakwi sukari. Anayepaka sukari, kijiji kizima kinamjadili mpaka azeeke. Ikitoka kwenye oveni ni ngumu kama biskuti. Unaifunga kwa kitambaa, unaiacha siku saba inyonye ile jemu, ilainike, ndipo unaikata vipande vidogo vya pembe nne. Isipolala siku saba, si keki. Bibi alinieleza jambo hilo kwa sauti ya mtu anayekariri amri za Mungu. "Akiiona keki hiyo," alisema, "atajua kwamba bado mimi ni wa kwetu."

Mikono yake ilikuwa inatetemeka, hawezi hata kupasua yai. Na jikoni kwa mkwewe, kwenye nyumba ya mtoto wake alikokuwa anaishi, palikuwa panakarabatiwa, oveni imekaa sebuleni kama mgeni. Kwa hiyo keki ingepikwa kwangu, Mesquite, na mpishi angekuwa mimi. Nikasema sawa. Mimi mdomo wangu husema sawa kabla kichwa hakijaulizwa.

Alinipa kichupa chake cha iliki ya unga. Nikanusa. Ilikuwa imekufa kifo cha kawaida, pengine kabla mimi sijaingia Marekani. Hapo ndipo kiburi cha nyumbani kikanipanda, maana iliki ni yetu. Pale juu ya Muheza, milima ya Amani, inaota chini ya miti, na shangazi zangu wameichuma mpaka vidole vikabadilika rangi. Maduka ya Wahindi yamejaa iliki, nusu saa kutoka kwangu. Lakini nilitaka ile ya kwetu, na dada yangu ana kaduka kake Alief, kule Houston, anauza unga wa muhogo, vitenge na vitu vya kutoka nyumbani. Nika-drive saa nne nzima.

"Mdogo wangu," dada alisema, amesimama nyuma ya mizani, "umeacha mume na mtoto, umekuja mpaka Houston kutafuta iliki ya keki ya Mzungu?"

"Ya kupatia kaburi," nikasema.

Akaniomba nikae chini kwanza, ninywe maji. Nilipomaliza kumwelezea alinipimia kopo zima, akakataa kulipwa, akasema mwambie bibi yako hiyo ni rambirambi ya mapema.

Jumapili nikapika. Bibi alikuwa kwenye simu ya video, mtoto wangu wa kike wa miaka kumi na minne ameishika simu juu ya bakuli, na Bibi anaamrisha kutoka Plano: sukuma nyembamba, nyembamba zaidi, usimwonee huruma huyo unga. Tabaka saba. Ilipokamilika nikaifunga kwa kitambaa cheupe, nikaiweka kabatini juu kabisa. Jumapili inayofuata saa tisa alasiri mzee angekuwa Plano, na keki ingekuwa imetimiza siku zake saba kamili. Sikuwahi kupanga kitu vizuri namna ile, na ndiyo maana nilipaswa kuogopa.

Jumamosi, siku ya sita, saa kumi jioni, nikasikia kengele ya mlango. Nafungua, jumuiya.

Kwa asiyejua: sisi Wakatoliki wa huku tuna jumuiya yetu ndogo, familia chache za Watanzania, Wakenya wawili, mama mmoja wa Kongo, na tunasali nyumba kwa nyumba kwa zamu. Zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimebadilishana na mama mmoja mwezi uliopita, nikasahau kama sijawahi kuzaliwa. Wako kumi na mmoja mlangoni, rozari mkononi, wanatabasamu. Mume wangu yuko kazini kwenye bohari. Watu wa nyumbani wakisema huku tumekuja kubeba maboksi hutania, ila yeye anayabeba kweli. Jikoni nina nusu mkate na maziwa.

Ningeweza kuagiza piza. Mtu yeyote mwenye akili zake angeagiza piza. Lakini jumuiya ikija kwako wakala kitu cha kuletwa na kijana wa pikipiki au gari, habari hiyo inafika Houston kabla wao hawajafika majumbani. Nikabandika chai. Wakati wanasali fungu la tatu, mimi macho nimefumba, akili iko kabatini.

Nilijiambia nitakata kingo tu. Bibi mwenyewe alisema kingo hupunguzwa ili keki ikae sawa, kwa hiyo hizo ni taka tu. Nikaishusha. Mtoto wangu akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Mom, that's Bibi's," alisema.

Nikamkata jicho. Akaondoka na ukweli wake.

Kingo zikaenda na chai, zikaisha kabla sinia halijazunguka. Mama wa Kenya akasema, "Wacha wee, hii ni nini? Niongezee kidogo tu." Unamwambiaje mtu hapana, yuko kwako, amekuombea? Nikakata kipande. Mwenyekiti wa jumuiya akasema yeye ana sukari, apewe kadogo, akala vipande vitatu. Mama wa Kongo akasema, "Iko muzuri sana hii gato," akafunga viwili kwenye karatasi kwa ajili ya mume wake mgonjwa, na mgonjwa unamnyimaje? Kila kipande nilichokata kilikuwa na sababu nzuri kabisa. Walipoondoka, wakinishukuru mpaka kwenye magari, kwenye sinia kilibaki kipande cha ukubwa wa kiganja, kimepasuka katikati.

Nikakaa kwenye kiti cha jikoni nikalia. Sikuona haya mbele ya mtoto. Bibi wa watu amesubiri miaka thelathini, na mimi nimewalisha wageni kaburi lake.

Jumapili alfajiri nikaamka nikapika nyingine. Iliki ilikuwepo, jemu ilibaki chupa moja. Nikapanga tabaka saba, nikazibana kwa ubao wa kukatia na mawe mawili ya bustanini, nikizisihi zilainike. Saa nne asubuhi niligonga keki kwa ukucha, ikanijibu ko ko. Nikaenda nayo hivyo hivyo.

Bibi alikuwa amevaa gauni lake la buluu na amepaka rangi ya mdomo, kidogo imetoka nje ya mstari. Akaitikia marahaba. Nikabaki nimesimama.

"Bibi, keki imeliwa," nikasema. "Walikuja wageni, sikuwa na kitu ndani. Hii nimepika leo."

Aliitazama keki iliyokuwa mikononi mwangu. "Walikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Waliimaliza?"

"Waliimaliza. Wengine walifungasha."

Akanyoosha mkono, akaigonga ile keki kwa kidole. Ko ko. "Basi tumekwisha," alisema. Hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza. Alitazama tu nje dirishani, mikono mapajani, rangi ya mdomo imemkaa kama mtoto aliyevaa vitu vya mama yake. Nilijiona mdogo kama punje.

Saa tisa mzee akaingia, mrefu, mkavu, amevaa koti la sufu katika joto la Texas, amekataa kusaidiwa kulivua. Akampa dada yake mkono kama wanasaini mkataba. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe wa nani?"

Nikamtajia baba, nikamtajia babu, nikamwambia na babu wa babu aliyeshuka kutoka milimani. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kuridhika, kana kwamba anawafahamu. Hapo nikaona kwamba kwa vyovyote vile nitampenda.

Nikawawekea kahawa. Kila mmoja akashika kipande cha sukari kwa meno ya mbele na kunywa kahawa chungu ikipita humo humo, sawasawa na wazee wa Tanga wanavyofanya na kashata. Nikaleta keki, nimeikata kwa kisu cha mkate na nguvu zangu zote, vipande vimetoka vimemeguka. Nikaweka mezani nikarudi nyuma karibu na jokofu, mahali pa mtu anayesubiri hukumu.

Mzee akachukua kimoja. Akahesabu matabaka kwa ncha ya kidole. Akauma. Sauti yake tuliisikia sote. Akakitoa mdomoni, akakichovya kwenye kahawa, akauma tena, akatafuna, akatafuna. Bibi alikuwa anatazama kitambaa cha meza.

"Ya Mama," mzee akasema.

Bibi akainua uso.

"Ya Mama kabisa. Ilikuwa ngumu hivi hivi. Haikuwahi kulala hata siku mbili. Mtu anaingia tu kuazima kamba, Mama ameshaikata."

Bibi akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku aliyoanguka bafuni. Akasema, na safari hii hakukuwa na televisheni ya kugeukia, "Sikuwa na kazi yoyote mwaka ule. Niliona aibu. Mara ya mwisho nilipokuja nyumbani nilimwambia Mama mbele ya kina mama wote wa kanisa kwamba keki yake ni kavu, kwamba mimi ya kwangu ya Dallas inalala siku saba. Nilijiona wa mjini. Hakunijibu. Akafa mwezi wa kwanza. Ningesimamaje kaburini na wale kina mama wakinitazama?"

Mzee alikunywa kahawa yake yote kwanza. Nilitaka kumtikisa.

"Ulipoondoka siku ile alicheka," akasema. "Alicheka mpaka akakaa. Akasema, mtoto amesema kweli, hii keki inavunja meno, lakini nani atawaambia wageni wangoje? Niliyaweka hayo maneno nikuambie siku ya maziko. Hukuja. Nikasema, basi, kama hakuja hayapati."

"Miaka yote hiyo?" Bibi akasema.

"Nilikukasirikia."

Nikatoka nikaenda kupanga taulo ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Wazee wakorofi, nilikuwa nasema peke yangu, wazee wakorofi wote wawili, huku machozi yananitoka kwenye taulo safi. Mtu anaficha sentensi moja miaka thelathini kwa hasira, na mwenzake anakimbia kaburi la mama yake kwa sababu ya biskuti.

Mzee alikaa siku nne. Walicheza karata, walibishana nani aliiba viatu vya nani mwaka ambao Dallas nzima pengine ilikuwa haina lami. Siku ya kuondoka, ameshavaa koti lake, alimwambia dada yake, "Nafasi chukua wewe. Nitaiandika kwenye daftari la kamati." Akanigeukia akaniuliza kama naweza kumpa iliki kidogo. Nikampa kopo lote.

Mwezi wa kwanza simu ikapigwa. Mimi ndiye niliyepokea. Mama mmoja wa kule kijijini, mwenyekiti mpya wa kamati ya makaburi, alisema mzee amekutwa kwenye kiti chake asubuhi, birika bado lina moto. Atahifadhiwa mpaka theluji iishe. Na kulikuwa na jambo la kuamua: daftari linasema nafasi kando ya mama ni ya Bibi, kwa mwandiko wa marehemu mwenyewe, kwa hiyo yeye watamweka karibu na uzio, kama Bibi hana neno.

Nilimwekea Bibi simu sikioni. Yule mama akamrudia maneno yote.

"Mwekeni kando ya Mama," akasema. "Nafasi ile ni ya aliyekuwepo."

Halafu akasema, "Na safari hii nakuja."

Daktari alisema hapana, mtoto wake akasema hapana, mkwewe akasema jikoni sasa kumekamilika apumzike. Akawatazama tu. Mwezi wa tano tuliondoka, mimi na yeye na kiti cha magurudumu, na keki mapajani kwake ikiwa na siku saba kamili, nimeipika kwa mkwewe na mara hii nikaificha chini ya kitanda cha Bibi wageni wasiione. Kwenye uwanja wa ndege mashine haikuielewa. Askari akauliza ni nini. Nikasema ni keki ya maziko. Akauliza mbona nzito. Nikamwambia ungejua.

Kijiji kilikuwa kama alivyokisema, ila kidogo zaidi: kanisa jeupe, ukumbi, nyumba za kuhesabika, na upepo usio na adabu. Mabaki ya theluji yalikuwa bado mitaroni. Ukumbini kina mama waliifungua keki, wakahesabu matabaka, wakaonja. Ilikuwa laini kabisa, ilinyonya jemu mpaka ndani, sijawahi kupika kitu kizuri namna ile. Mama mmoja mwenye fimbo akatafuna, akafikiri, akamwambia Bibi, "Ni nzuri. Ila ya mama yako haikuwa laini hivi."

"Najua," Bibi akasema. "Ilikuwa inakatwa mapema."

Wakacheka wote, naye akacheka nao, akawatazama machoni mmoja mmoja, kina mama wale aliowakimbia.

Makaburini alikataa kukaa kwenye kiti. Alisimama, amenishika mkono, mpaka ndugu yake aliposhushwa kando ya mama yao na kufukiwa kwa udongo mweusi, mlaini, ambao jembe liliingia bila shida. Watu walipoanza kuondoka, mwenyekiti mpya alikuja na daftari lake kifuani. Alikuwa na haya kidogo. Alisema eneo la familia sasa limejaa, na kamati ingependa kujua, wakati utakapofika, na wanaomba uwe mbali, Bibi awekwe wapi.

Bibi akanyoosha kidole. Chini ya makaburi yale mawili, miguuni, kulikuwa na ukanda wa nyasi kabla ya njia.

"Hapo," akasema. "Miguu yangu iangalie miguu yao. Ndivyo tulivyokuwa tunalala."

Mwenyekiti akapima kwa hatua zake, akarudi akapima tena. Alisema hapatoshi, ni pafupi mno kwa mtu mzima.

"Pima na mimi," Bibi akasema. "Nimefupika sana. Pima, halafu uandike."

Mwenyekiti akampima kwa macho, toka kichwani hadi viatuni, akafungua daftari, akaandika.